Kwenda Minnesota Kutazama Watu

Alhamisi: Rapid City mpaka Sioux Falls

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi, watoto wangali na nguo za kulalia, sufuria ya pilau imefungwa kwa khanga nyuma ya gari. Baba watoto alitaka tutoke saa tisa usiku kama anavyotoka na lori. Nikamwambia hili si lori, na mzigo wa leo unaomba kukojoa.

Tunakwenda Minneapolis na vitongoji vyake, karibu maili 570. Kwa anayezijua barabara za nyumbani: toka Iringa nenda Dar, geuza bila kupumzika, rudi mpaka kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Kazini nimeaga kwamba naenda likizo. Ukweli ni kuwa tunakwenda kutazama kama kunahamika.

Rapid City si mahali pabaya, niliseme hilo mapema. Ni mji wa watu kama elfu themanini kando ya milima ya Black Hills, na wageni hutoka dunia nzima kuja kuona nyuso za marais wanne zilizochongwa kwenye mwamba wa Mount Rushmore, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Kazi ipo. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee, na jimbo la South Dakota halikati kodi ya mapato, kwa hiyo mshahara unafika mkononi bado una nyama. Tulikuja huku kwa sababu mwajiri ndiye aliyeshughulikia makaratasi, na mwenye kushughulikiwa makaratasi hachagui mji. Kinachokosekana ni mtu wa kupiga hodi bila kupiga simu kwanza. Waafrika ni wa kuhesabika. Ukimwona mmoja dukani unamfuata mpaka kwenye mayai ili usikie anaongea lugha gani.

Baba watoto halioni jambo hili kama ninavyoliona mimi, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Yeye ni dereva wa malori. Kifaa cha simu kiko sikioni tangu Montana mpaka Missouri, na kwenye laini wapo madereva wenzake, wa Tanga, wa Moshi, wa Mombasa. Mmoja anapakia Ohio, mwingine anashusha Texas. Wanabishana Simba na Yanga siku nzima. Kijiji chake kiko sikioni na kinatembea naye. Mimi nikirudi zamu ya usiku nakuta friji linanguruma.

Wall tulisimama kwa sababu mabango ya duka la Wall Drug hayampi msafiri amani: tangu miaka ya 1930 wanatangaza maji ya barafu ya bure, na mabango yanakufuata njia nzima. Tukanywa maji, hatukununua kitu, binti akaona aibu. Hifadhi ya taifa ya Badlands tuliitazama dirishani. Kabla ya kufika Murdo saa hubadilika. Ukivuka tu, umeibiwa saa nzima, na maili 80 kwa saa zinazoruhusiwa kwenye barabara kuu ya I-90 haziirudishi.

Chamberlain ndipo tulipokula pilau. Pale juu ya mto Missouri pana sanamu ya chuma cha pua ya mwanamke wa Kihindi wa Marekani, wa watu wa Lakota na Dakota, urefu kama mita 15, amejitanda shuka la nyota mabegani. Imesimama hapo tangu 2016. Wenyewe wanaiita Dignity. Binti akauliza kama yule ni mama wa kazini kwetu. Tukacheka, lakini mimi lilinichoma moyoni, kwa sababu huyo mama wa kazini ndiye sababu moja kubwa ya kutohama.

Mama mkwe wangu alifariki Iringa mwezi wa Februari, theluji huku imefika magotini. Baba watoto alikuwa Wyoming na mzigo, barabara imefungwa. Simu iliingia saa nane usiku. Asubuhi nikamvalisha binti, nikampeleka shule, nikarudi, nikabandika maji ya chai kwenye sufuria kubwa, ile ya kupikia watu thelathini. Sikuwaza. Mikono ilifanya inavyojua: kuna msiba, watu watakuja, wasikute hakuna chai. Maji yakachemka. Yakachemka mpaka yakapungua nusu. Nikazima jiko.

Kazini walileta kadi yenye sahihi za wote na shada la maua. Siwalaumu, ndivyo wanavyotoa pole. Aliyekuja alikuwa mmoja, huyo mama wa Kilakota tunayefanya naye zamu. Alileta supu, akavua viatu, akakaa mpaka jioni bila maneno mengi. Aliniambia kwao mkesha wa marehemu huweza kwenda siku mbili, na watu hawaondoki. Juzi nilipomweleza kuwa tunakwenda Minnesota, akauliza, "Mnakwenda kutafuta ndugu?" Nikasema ndiyo. Akasema sawa. Ile sawa yake nimesafiri nayo.

Mitchell, kituo cha mwisho kabla ya Sioux Falls, wana jumba linaitwa Corn Palace, la kwanza lilijengwa 1892, na kuta zake hupambwa kwa magunzi ya mahindi ya rangi mbalimbali, yenye punje zake zote, yamekatwa katikati na kupigiliwa misumari kuwa picha. Picha hubadilishwa, mahindi mapya yakapigiliwa. Mhehe akiona mahindi ya namna ile ukutani anashika kichwa. Baba watoto alisimama mbele ya ukuta akikadiria debe. "Hapa," akasema, "mtu angekula mpaka masika."

Usiku tumefikia kwa dereva mwenzake, Mkongo wa upande wa Bukavu. Mkewe alitupokea mlangoni, "Muko bazima?", tukaitikia tuko bazima, na kwa dakika kumi nzima hakuna aliyeuliza tumekuja kufanya nini. Watu hawa walikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi, Kiswahili chao kimechanganyika Bukavu na Kasulu. Walipoletwa Marekani kama wakimbizi, waliwekwa mji mwingine kabisa, kusini, penye joto, pasipo na mtu. Wakakaa miezi, kisha wakapakia vitu na kuja hapa kwa sababu kaka mtu alikuwa kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe kando ya mto Big Sioux. Mume akasema, "Serikali ilituchagulia jimbo. Ndugu tulijitafutia."

Nikamuuliza kama hawajutii. Akajibu kwamba mikono inauma ya kukata nyama, lakini Jumapili nyumba inajaa viatu mlangoni.

Ijumaa: mpaka Brooklyn Park

Safari ya leo haina mengi. Worthington, Mankato, mahindi, soya, mahindi. Minnesota ilianza kwa mvua na mabishano ya hesabu. Baba watoto amepiga kodi: Minnesota wanakata kodi ya mapato kuanzia asilimia 5.35 mpaka 9.85 kwa wenye nacho. Kisha leseni yangu. South Dakota imo kwenye mkataba wa majimbo yanayotambuliana leseni za uuguzi, Minnesota haimo. Itabidi niombe upya, alama za vidole, ada, kusubiri. Akasema basi tuhamie Houston: Watanzania wamejaa, joto lipo, kodi ya mapato hakuna, na Texas imo kwenye mkataba. Hoja zake zote ni za kweli. Nami nikamkumbusha kimbunga Harvey cha 2017, akanyamaza mpaka Mankato. Houston haijatoka mezani, nalijua hilo.

Kabla ya kwenda kwa mwenyeji tulipitia Karmel Mall, kusini mwa Minneapolis. Nilikuwa nimesikia tu kwamba Wasomali wengi kuliko mji wowote wa Marekani wako hapa. Kusikia si kuona. Vichochoro vya vibanda, magauni, mazulia, dhahabu, sambusa, harufu ya udi na chai ya iliki. Mji huu tangu 2023 umeruhusu adhana zote tano kwa kipaza sauti. Nilisimama kwenye duka la viungo nikijieleza kwa Kiingereza changu cha kazini, nataka iliki nzima, si ya unga. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye hina mpaka kwenye viwiko, akanitazama usoni akasema, "Sasa wewe si ni wa huko kwetu? Ongea Kiswahili, dada." Amekulia Eastleigh, Nairobi. Alipima iliki kwa mkono, akaongeza gao la pili, akasema hiyo ya pili ni ya watoto. Tangu nifike nchi hii sijawahi kuongezewa kitu dukani. Nilitaka kuhamia pale pale kibandani.

Halafu tukafika Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini ambako Wakenya na Waliberia wamekaa kwa wingi, tayari kupokelewa. Mwenyeji wetu ni dada wa Mbeya niliyesoma na mdogo wake chuo cha uuguzi. Hatujawahi kuonana. Nyumba giza. Ujumbe wa simu: funguo chini ya chungu cha maua, ugali na kisamvu kwenye friji, yuko zamu mbili mfululizo, atarudi saa sita usiku, samahani sana wapendwa. Tukajifungulia, tukapasha moto chakula cha watu tusiowajua, tukala sebuleni kwao tukitazama picha za harusi yao ukutani.

"Haya," Baba watoto akasema, "jumuiya ndiyo hii."

Jumamosi: msiba

Dada alituamsha kwa vitumbua. Amelala kwa saa nne tu kama si tatu. "Shemeji, leo hamtaona Mall of America. Kuna msiba, twendeni wote." Mama mzazi wa Mtanzania mmoja anayeishi mitaa ile amefariki nyumbani. Mwili uko Tanzania, mazishi yatafanyika huko, mwenye msiba hawezi kwenda kwa sababu makaratasi yake yako katikati ya mchakato na akitoka huenda asirudi. Kwa hiyo watu wanamkalia hapa hapa.

Tulipokaribia mlango nilihesabu viatu mpaka nikaacha. Ndani, wanaume sebuleni na gereji, wanawake jikoni na chumbani kwa mfiwa, watoto chini kwenye ghorofa ya ardhini wakipiga kelele. Kwa Kiingereza. Niseme ukweli: nilikuja na ndoto kwamba binti yangu atawakuta wenzake wa kuzungumza nao Kiswahili, na watoto wote wa msiba ule, Wakenya kwa Watanzania, walikuwa wanagombania tableti kwa Kiingereza cha Minnesota. Lakini alikuwepo bibi mmoja aliyekuja kutembelea wanawe, amekaa kwenye kiti kifupi jikoni na sinia ya mchele mapajani. Binti akapita, nikamkonyeza, akasema shikamoo kwa sauti ya chini. Bibi akaitika marahaba, akamshika mkono, akamkalisha, akamwonyesha: punje nzuri huku, chuya huku. Mchele wa Marekani hauna chuya wala mawe, umeoshwa kiwandani. Bibi alichambua hivyo hivyo, na binti akachambua naye karibu saa nzima, akipata kijiwe cha kufikirika anakionyesha, bibi anakubali.

Kwenye jiko palikuwa na sufuria kubwa ya chai. Niliisogelea nikaanza kuchota bila kuambiwa na mtu. Wala hakuna aliyeniuliza mimi nani.

Mchana kikaja kikao. Hapa ndipo ninapotaka wanaoota kuhamia kwa watu wao wasikilize vizuri. Mwenyekiti akafungua kwa sala, mweka hazina akasoma daftari: fulani dola mia, fulani hamsini, fulani ahadi. Majina yote, kwa sauti. Kisha akasoma walioahidi msiba uliopita na hawajatoa. Mtu akajikunja kwenye kochi kama anatafuta simu. Halafu mzee mmoja akainuka: mfiwa hajalipa ada ya mwaka, na katiba inasema asiyelipa ada hapati fungu kamili. Vurugu ikaanza. Mmoja akasema katiba ni ya sherehe, msiba hauna katiba. Mwingine akasema basi na yeye aache kulipa. Mkenya mmoja, Mkisii, jirani tu aliyekuja kwa ujirani, akasema kwa upole, "Nyinyi Watanzania mnagombana kwa lugha tamu sana, mtu anaweza kudhani mnasoma habari redioni," kila mtu akacheka, hata mzee wa ada, na likapita kwamba mfiwa apewe kamili, ada itakatwa baadaye. Baba watoto aliyekuja akinung'unika alitoa dola mia. Sikumtuma.

Kwenye kuosha vyombo nilisimama na mama mmoja wa Kenya, mwenzangu muuguzi. Nikamwambia nimefurahi kuona watu. Akanikata kauli mikono yake ikiwa kwenye povu.

"Usidanganyike, dada. Leo umeona watu kwa sababu kuna msiba. Kesho kila mtu na zamu yake. Mimi nilijifungua Januari, wiki nzima sikuona mtu ila mume wangu. Halafu wakaja wote siku moja, wakanikuta nimelala."

"Sasa wewe ungehama?"

"Nihame niende wapi? Na hili deni lote la michango nililokwisha ongezewa?" Akacheka. "Hapa angalau nikifa najua watabishana."

Usiku, kitandani kwa watu, Baba watoto akasema kwamba kule kikaoni alihesabu watu watatu wanaoendesha malori na anawajua sauti zote tatu. Wawili hajawahi kuwaona sura. Mmoja ni mfupi kuliko sauti yake.

Jumapili: Saint Paul, halafu nyumba za kupanga

Sisi ni Walutheri wa Dayosisi ya Iringa, na kila Mlutheri wa Iringa ameshasikia habari za Bega kwa Bega: sharika za sinodi ya Saint Paul zilizounganishwa na sharika za kwetu tangu miaka ya 1980, wakitembeleana, wakisaidiana ada za wanafunzi na mengine. Utotoni niliwaona wakija, wazee wa Kizungu wamevaa vitenge vipya ambavyo havijafuliwa bado. Leo nimewaona kwao. Kanisa la ibada ya saa tatu, watu kama sitini, vichwa vyeupe karibu vyote. Nilijiandaa kutabasamu kiheshima na kuondoka.

Baada ya ibada, kwenye kahawa, mzee mmoja mrefu akatujia, akasikia tunatoka Iringa, akainamisha kichwa akasema, "Kamwene." Nikaitika kamwene kabla akili haijashangaa. Amefika Ilula, amefika Pommern, analijua vumbi la njia ile, anajua kwamba mgeni hanyanyuki kabla ya kunawishwa mikono. Aliuliza mvua za mwaka huu zimekuwaje, swali ambalo hapa Marekani sijaulizwa na yeyote. Jamani, huyu mzee hana asili ya Afrika hata tone, na ndiye mtu wa kwanza huku kunisalimia kwa lugha ya bibi yangu. Dada wa Mbeya hakujua kuitika.

Hilo limenivuruga kidogo. Nilidhani ninatafuta watu wa kwetu. Nikienda kuhesabu walionishika mkono, yumo Mlakota, yumo Msomali, yumo huyu mzee wa Saint Paul, na kikao cha Watanzania ambacho kilinichosha na kunishibisha kwa pamoja.

Mchana tulizungukia nyumba za kupanga. Sitaki kuzieleza, zote zina zulia la rangi moja. Kodi ni ya juu kuliko kwetu, vyumba vidogo kuliko vyetu, na mwenye nyumba wa mwisho alitaka barua ya mwajiri ambaye bado sina. Binti alitaka kujua kama bibi wa mchele anakaa karibu. Nikamwambia yule ni mgeni, anarudi kwao mwezi ujao. "Sasa tunahamia kwa nani?" akauliza, na baba yake akaniachia mimi nijibu.

Jumatatu: kurudi

Leo tumeivuta yote kwa siku moja. Kesho nina zamu. Tulipishana usukani Sioux Falls. Mdogo alitapika Mitchell, hatukuyaangalia mahindi.

Tumekubaliana hivi, kama ni makubaliano. Nianze maombi ya leseni ya Minnesota, maana kuomba si kuhama. Mkataba wa pango letu unaisha mwisho wa Oktoba, na hatutaki kuhama na theluji. Desemba, yeye akipata likizo, tukaione Houston. Kazini nitamwambia mama yule mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu. Baba watoto anaona tukibaki tulivyo tutaweka akiba na kununua nyumba Rapid City, na watoto wakubwa wataamua wenyewe. Mimi naona watoto wanaokua bila kumwona mama yao akicheka na mtu mwingine jikoni watakuwa na nyumba nzuri tu. Tulibishana hilo kutoka Chamberlain mpaka Murdo, ambako tulirudishiwa saa yetu moja.

Kabla ya Wall simu yangu ikalia. Dada wa Mbeya ameshatuingiza kwenye kundi la WhatsApp, na ujumbe wa kwanza haukuwa wa kutukaribisha. Kijana mmoja mwanafunzi amefiwa na baba yake, anahitaji tiketi, majina ya wanaochangia yaandikwe hapa chini. Orodha ilikuwa imefika kumi na saba. Nikatuma, nikajiandika kumi na nane.

"Umetuma?" Baba watoto akauliza, akitoa kifaa sikioni.

"Nimetuma."

"Hata hatujahamia! Ngapi?"

"Hamsini."

"Thelathini ingetosha," akasema, na akaniomba nilisome jina la huyo kijana vizuri, kwa sababu kuna mtu kwenye laini anasema anamjua mjomba wake.